Melito wa Sardi na Kiolezo cha Pasaka

Fundi anayekusudia kazi kubwa, asema Melito, askofu wa mji wa Sardi, haanzi na shaba wala marumaru. Huanza kwa kufinyanga kiolezo kidogo cha nta, au cha udongo, au cha mti, ili jicho lipate kuona mapema, katika kitu dhaifu kisicho na bei, umbo la kile kitakachosimama baadaye kikiwa kirefu zaidi kwa kimo, imara zaidi kwa nguvu na kizuri zaidi kwa sura. Maadamu kazi yenyewe haijadhihiri, kiolezo ni azizi. Hutunzwa, huangaliwa, na vipimo vyote huchukuliwa kwacho. Lakini siku kazi itakapotimia, kiolezo huvunjwa, kwa sababu sura iliyokaa kwacho kwa muda imekwisha kukabidhiwa kwa kitu cha kweli.

Hivyo ndivyo alivyoifasiri Pasaka ya Wayahudi, katika waadhi alioutoa yapata miaka ya 160 na kitu baada ya Kristo, mbele ya Wakristo wa Asia Ndogo waliokwisha kusikia kisa cha Kutoka kikisomwa. Mwana-kondoo, damu iliyopakwa kwenye miimo ya milango, usiku ule wa Misri, vyote vilikuwa kiolezo cha nta. Kristo ndiye kazi iliyokusudiwa. Niliukuta waadhi huu nilipokuwa nikitafuta habari nyingine, yaani sababu za tarehe ya Pasaka kuhamahama, na tangu hapo mfano wa fundi na nta yake haujanipa raha, kwani ni mfano mzuri kupita kiasi na una ukali ndani yake.

Kwa karne nyingi waadhi huo haukujulikana ila kwa kutajwa na wengine na kwa vipande vichache, hata karatasi za mafunjo zilizonunuliwa Misri, nyingine zikiwa Dublin katika hazina ya Chester Beatty na nyingine katika Chuo Kikuu cha Michigan, zilipompa mwanazuoni Campbell Bonner matini yake, akaitoa mwaka 1940. Na mwaka 1960 ikapigwa chapa nakala nyingine, ya hazina ya Bodmer, iliyo kamili zaidi. Kwa hiyo sisi wa leo twamsikia Melito vizuri kuliko walivyomsikia watu wa zama nyingi zilizotutangulia.

Na ni sauti ya kusikilizwa. Melito ni khatibu wa kweli, mwenye sentensi fupi zinazokwenda mbili mbili, zikijibizana na kumalizikia kwa vina, wala haoni haya kukaa mahali pamoja mpaka msikilizaji ashikwe na hofu. Anapofika kwenye usiku wa Misri, hatuhesabii maiti. Anatuingiza ndani ya nyumba. Kifungua mimba mmoja, katika giza linaloweza kupapaswa, ahisi mkono wake umeshika kiwiliwili cha giza, akauliza ni nani: kama ni baba, na amsaidie, kama ni mama, na amliwaze, kama ni ndugu, na aseme naye, kama ni adui, na aondoke. Kabla hajanyamaza, kimya kirefu kimekwisha kumnyamazisha. Mwingine, aliyekwisha kutambua kinachotafutwa, ajaribu kumhadaa Mauti kwa kusema kwamba yeye si wa kwanza, bali amezaliwa mimba ya tatu. Lakini yule asiyehadaika amshika yeye yule. Kisha Melito amgeukia malaika na kumhoji: ni kitu gani kilichomtisha mlangoni pa Israeli, kuchinjwa kwa kondoo au uhai wa Bwana? Hapo ndipo kiolezo kinapogeuka kuwa kazi. Tangu hapo Kristo aonekana kila mahali katika Agano la Kale: aliyeuawa katika Habili, aliyefungwa katika Isaka, aliyeuzwa katika Yusufu, aliyetupwa mtoni katika Musa, aliyechinjwa katika mwana-kondoo.

Sijui msomaji mwingine ataonaje, lakini mimi naona ukarimu katika tafsiri ya namna hii. Kuna Wakristo wa karne ile ile walioyatupilia mbali Maandiko ya Kiyahudi, na Marcion ndiye mashuhuri wao. Melito hakutupa hata ukurasa. Kwake, hakuna mtu aliyeteseka katika Torati pasipo Mungu kuwamo ndani ya mateso yake.

Lakini waadhi una nusu ya pili, na humo uchungu unabadilika mwelekeo. Mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, ambazo katika Kutoka ni kumbukumbu ya utumwa, Melito awageuzia Israeli: chungu kwao ni misumari, chungu ni ndimi za mashahidi wa uongo, chungu ni siki na nyongo. Pilato hana nafasi hapa ila ya kunawa mikono. Mwishowe Israeli aambiwa kwamba amelala chini, maiti, ilhali Bwana amefufuka. Mwaka 1966 mwanazuoni Eric Werner alimwita Melito mshairi wa kwanza wa ile tuhuma ya kumwua Mungu. Siwezi kuikanusha hukumu hiyo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba khatibu huyu, aliyeweza kuingia gizani na kumshika mkono mtoto wa Mmisri, hakuwa na huruma ya kiasi hicho kwa watu wa mtaa wake.

Maana Sardi ulikuwa mji wa Wayahudi pia, tena tangu zamani. Mwanahistoria Myahudi Yosefo amehifadhi amri za karne ya kwanza kabla ya Kristo zinazowapa haki ya kukutana na kuwa na mahali pao. Wachimbaji wa Harvard na Cornell walivumbua huko, mwaka 1962, sinagogi ambalo ukumbi wake una urefu wa karibu mita 60, pembeni mwa hamamu kuu na uwanja wa mazoezi wa mji, lenye maandishi ya Kiyunani ya wafadhili, baadhi yao wakiwa wajumbe wa baraza la mji. Jengo hilo ni la baada ya Melito, lakini laonyesha kwamba maiti aliyemsema alikuwa hai na mwenye hishima. Ubavuni mwake palikuwa na maduka; katika baadhi yake imeonekana misalaba, na katika mengine vinara vya mataa saba, wafanya biashara wakipakana kuta.

Lipo na hili. Melito alikuwa miongoni mwa Wakristo walioadhimisha Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani, siku yoyote ya juma iangukiayo. Askofu Polikrati wa Efeso, akimwandikia Viktor, askofu wa Roma, yapata mwaka 190 na kumtaja Melito miongoni mwa mashahidi wake, asema kwamba jamaa zake waliishika daima siku ile watu walipoiondoa chachu. Watu hao ni Wayahudi. Basi yule aliyefundisha kwamba kiolezo hakina thamani tena alingoja hesabu ya mwezi ya jirani zake, na ufagio wao uliotoa chachu majumbani, ndipo ajue usiku wake mwenyewe umefika! Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliukata ushirika huo, na barua ya Konstantino ilisema wazi kwamba haifai kufuata hesabu ya Wayahudi.

Kiolezo chenyewe hakikuvunjwa. Hekalu lilikuwa limeteketezwa mwaka 70 na kondoo hakuweza tena kutolewa kafara, na katika miaka hiyo hiyo ya Melito marabi walikuwa wakiijenga Pasaka upya mezani, kwa masimulizi, mvinyo, mkate na mboga chungu, kama ilivyoandikwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao, yapata mwaka 200. Nyumba mbili zilikuwa kazini usiku mmoja.

Wakatoliki wa kwetu husoma Kutoka 14 katika kila Mkesha wa Pasaka, somo lisiloruhusiwa kuachwa, na Ijumaa Kuu yapo maneno ya lawama ambayo kwayo Mungu hulihesabia taifa lake hisani zake, yanayofanana mno na ya Melito. Tangu tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965, Kanisa Katoliki lafundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa zama zile wala juu ya wa leo. Hata hivyo yule mwana-kondoo wa Kutoka bado twamwita mfano, nami sioni jinsi Mkristo awezavyo kuacha kumwita hivyo. Ninaloliuliza ni kama lazima kila mfano ufe ili maana yake iishi.

Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, aeleza kwamba Melito alisafiri mpaka nchi ya mashariki, mahali mambo hayo yalipotendeka, ili apate orodha sahihi ya vitabu vya Agano la Kale. Orodha aliyorudi nayo inakaribiana sana na ile ya Wayahudi, ghairi ya Esta ambaye hayumo. Je, ni nani aliyemsomea, na Melito alipoketi mbele ya mwalimu huyo alimwona kuwa hai au maiti?