Mto wa Mchanga wa Gulwe

Wajukuu zangu, leo twende Gulwe kwa barabara ya vumbi. Tutachepuka Mbande kutoka barabara kuu ya Dodoma, tupite Kongwa, tufike Mpwapwa, halafu tushuke bondeni. Fungeni vioo vya gari, maana vumbi la huku jekundu halichagui shati jeupe.

Kongwa hatukai sana. Waingereza walikuja hapo mwaka 1947 na matrekta wakitaka kulima karanga. Mvua ikawagomea, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata majembe ya trekta yakalika. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Wagogo, wanaoijua ardhi hiyo, wana mtama, uwele na ng'ombe wao.

Mtaniuliza, mbona Morogoro kuna kijani na huku ni miiba na mibuyu? Tazameni milima ile ya mashariki, Ukaguru na Rubeho. Upepo wa Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu, ukagonga milima, ukapanda juu na kupoa. Mvua humwagika upande wa pili. Huku upepo hufika kama mchuuzi wa samaki aliyekwisha uza wote njiani: kelele zipo, kapu tupu.

Mpwapwa mjini tujaze maji kwenye madumu. Hata misafara ya zamani ya kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa, kwani mbele yake ilikuwa Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa. Mwandishi wa habari Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone.

Sasa tunashuka. Migunga inabana barabara pande zote, gari linarukaruka kwenye mawe, na makorongo yanakata njia moja baada ya jingine. Kisha unatokea mto wenyewe, Kinyasungwe. Nanyi mtacheka: mto gani huu usio na maji? Mchanga mtupu, mpana, na punda wamesimama katikati yake.

Shukeni garini mwone. Mwanamke yule amechimba shimo hadi mkono wake umezama kufika kwapani. Maji ya kwanza ni tope. Anayateka kwa kata na kuyamwaga pembeni. Anangoja. Yanajikusanya tena, safari hii yameng'aa kidogo, naye anajaza dumu polepole, kata baada ya kata. Mto haujakauka, umejificha chini, jua lisiunyonye.

Mvua za Desemba hadi Aprili zikija, huja kwa kishindo. Vilima vina majani machache na mizizi michache ya kuzuia maji, basi yote huteremka kwa pamoja, yamebeba udongo na mawe. Ndiyo yaliyochimba kingo hizi zilizosimama wima. Kutoka hapa mto unapita Godegode na Kidete, unaingia kwenye bonde jembamba la milima, unakuwa Mkondoa, unafika Kilosa, unamwaga maji yake kwenye mto Wami, na Wami unayapeleka baharini karibu na Saadani.

Wajerumani walipojenga Reli ya Kati walilifuata bonde hilo, kwa kuwa kupandisha garimoshi mlimani ni kazi ngumu. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Lakini anayejenga kando ya mto lazima akubali tabia zake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni za abiria zikasimama kwa miezi kadhaa. Mimi nasema mto haukuonea mtu. Ulipita palepale unapopitaga. Wajenzi wa reli mpya ya SGR, inayobeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, wametoboa mahandaki kwenye milima ya Kilosa, ingawa nao wana kituo hapa Gulwe.

Siku mkija wenyewe, njooni kiangazi. Mkija masika, msitazame mawingu ya juu ya vichwa vyenu tu, tazameni ya milimani pia, maana korongo hujaa hata pale mliposimama pakiwa na jua kali. Mkikuta maji yanapita, zimeni gari na msubiri yapungue, hata dereva akiwaambia analijua korongo hilo.