Viatu vya Flati kwa Mguu Mkubwa (Sehemu ya Pili): Namba, Soli na Mteremko

Mwanamke anayevaa namba 42 akiingia duka la viatu mjini Moshi, jibu analijua kabla hajauliza. "Hiyo ya kike hatuna, mama. Labda nikuangalizie za kiume." Muuzaji hana nia mbaya. Viatu vingi vya kike vinavyonunuliwa kwa jumla huishia 40 au 41, naye huuza alicholetewa. Tabu ni kwamba mteja hutoka pale akiamini kasoro iko mguuni mwake, kisha hununua 41 na kujibana, akingoja kiatu kitanuke. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana. Kwa urefu haitanuki, hata ukiivaa mwaka mzima.

Wapo waliozaliwa na miguu mirefu, na wapo ambao miguu yao ilikua ukubwani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wajawazito 49 mwanzoni mwa mimba na tena miezi kadhaa baada ya kujifungua. Zaidi ya nusu yao miguu ilikuwa imerefuka na kupanuka, kwa sababu upinde wa unyayo ulishuka, na haikurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo mama wa watoto watatu anayeng'ang'ania namba aliyovaa siku ya harusi yake anauadhibu mguu alionao kwa kipimo cha mguu ambao hauko tena.

Namba nayo isikutawale. Namba moja ya Ulaya ni thuluthi mbili za sentimita, ya Uingereza ni thuluthi moja ya inchi, na Wamarekani wana hesabu yao. Ndiyo maana kiatu kilekile cha kike kinaweza kuandikwa 42, 8 au 10 kutegemea kilikotoka. Kipimo kisichodanganya ni sentimita. Jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, simama juu ya karatasi huku uzito wote ukiwa mguuni, chora mzingo wake, kisha pima urefu na ile sehemu pana vidole vinapoanzia. Pima miguu yote miwili na ufuate ulio mkubwa. Ndani ya kiatu ongeza kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Karatasi hiyo ikunje, ikae kwenye pochi.

Ukiwa nayo, nenda soko la Kiboriloni au la Memorial. Mitumba ndiyo hazina ya mguu mkubwa, kwa kuwa viatu vile vilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo mwanamke wa namba 42 haonekani kioja. Ukikipata kinachokuvutia, usianze na rangi. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, siyo katikati. Kikijikunja katikati kama chapati, hakina kitu kinachobeba upinde wa unyayo, na magoti yatakulalamikia. Halafu kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholika upande mmoja kimekwisha kuzoea mwendo wa mtu mwingine, kiache. Mwisho ingiza mkono na upapase bitana hadi ncha ya mbele, maana mshono uliochomoza huko ndani ndio utakaokuchubua.

Flati nzuri, kwa maoni yangu, si ile iliyolala chini kabisa. Kisigino cha sentimita moja na nusu au mbili humpumzisha anayesimama kutwa dukani au darasani, na kwa macho ya watu bado ni kiatu cha chini.

Viatu vya kiume navyo ni hazina, ila ina masharti. Kwa vipimo vya Marekani, upana wa kawaida wa kiatu cha kiume ni ule unaohesabiwa kuwa mpana kwa kike. Moka nyeusi ya kiume itakupokea vizuri vidoleni, lakini kisigino kitachezacheza, kwa sababu kisigino cha mwanamke kwa kawaida ni chembamba kuliko cha mwanamume. Fundi akibandika kipande cha ngozi laini ndani, nyuma ya kisigino, tatizo huisha kwa gharama ndogo.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mijini hawalifikirii: mteremko. Anayetoka Kibosho, Uru au Marangu asubuhi hushuka kabla ya kuikuta lami. Katika kushuka mguu husukumwa mbele, na kiatu kisicho na cha kuuzuia huviacha vidole vikigonga ncha mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Ndiyo maana simpo iliyo wazi mpaka karibu na vidole, hata iwe nzuri namna gani, inamfaa mtu wa mjini tu. Mwanamke wa mlimani atafute yenye mkanda juu ya mguu, na soli ya mpira yenye meno, hasa masika udongo ukishateleza.

Bahati ni kwamba mkanda huohuo ndio unaopendeza. Mguu mrefu uliofunikwa kwa ngozi tupu toka mbele hadi nyuma huonekana mrefu zaidi. Mkanda unaokatiza huugawa. Ncha ya mviringo au yenye umbo la lozi huufaa kuliko iliyochongoka, na soli yenye rangi moja na ngozi hukituliza kiatu chote. Rangi ya kahawia iliyoiva au zambarau nzito, isiyong'aa, huvaliwa kanisani na ofisini bila kubadilisha.

Asiyepata akashonewe. Salvatore Ferragamo, fundi viatu Mwitalia aliyesomea maumbile ya mwili Los Angeles ili aelewe miguu, alikuwa akiwachongea wateja wake kalibu za mbao, na nyingi zimehifadhiwa hadi leo Florence. Fundi wa Moshi atakuchora kwenye kadibodi na kuandika jina lako juu yake. Mwombe aitunze. Ngozi si tatizo mjini hapa, penye kiwanda cha Karanga, ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF.

Mwenye kisukari, au ambaye mfupa wa pembeni mwa kidole gumba umechomoza na kuuma, asiishie kwa fundi wa mtaani. Aende hospitali ya KCMC. Hapohapo kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya miguu. Asubiri ushauri wao kabla ya kununua chochote, hata ndala.

Sehemu ya tatu itahusu utunzaji wa viatu vya ngozi wakati wa masika.