Haiti: Sadaka ya tetemeko iligawanywaje?

Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.0 lililoikumba Haiti tarehe 12 Januari 2010 liliwaacha watu wapatao milioni 1.5 bila makazi. Kanisa Katoliki, lililotazamiwa kuwafariji wafiwa, nalo lilikuwa limefiwa: Askofu Mkuu wa Port-au-Prince, Joseph Serge Miot, alifariki dunia, na kanisa kuu la jimbo lake likabomoka.

Maaskofu Katoliki wa Marekani waliitisha mchango maalumu parokiani. Swali likawa: fedha ziwaendee walio mahemani, au ziinue majengo yaliyoanguka?

Uamuzi ulikuwa kuzigawa. Asilimia 60 ilitengewa shirika lao la misaada, Catholic Relief Services, kwa ajili ya huduma za dharura na kuwasaidia manusura kuanza upya. Asilimia 40 ilielekezwa katika kulijenga upya Kanisa la Haiti.

Fungu hilo la pili laweza kumkera mtu asiye na paa. Hata hivyo, nchini Haiti shule nyingi haziendeshwi na serikali, na parokia ni mahali pa ibada, masomo na tiba. Ikibomoka, watoto nao hukosa darasa.

Lakini kujenga kwa haraka kungerudisha hatari ileile, kwani majengo dhaifu ndiyo yaliyoua wengi. Kwa hiyo kikaundwa chombo cha pamoja, PROCHE, cha kusimamia miradi na kuhakikisha kuwa michoro inakidhi viwango vya kuhimili matetemeko.