Mwanamke, mtu mweusi na shamba la kwetu Endagikot

Hapa Minnesota, ubao wa matangazo wa kazini kwetu hubadilishwa mara mbili mfululizo. Februari nzima umejaa picha za Martin Luther King, Rosa Parks na Harriet Tubman, kwa kuwa ndio mwezi wa historia ya watu weusi. Ikifika Machi Mosi picha zinabanduliwa, zinabandikwa za wanawake. Tubman peke yake huwa anaachwa palepale. Anayebandika haoni sababu ya kumtoa. Ndipo maneno yanapoanza kwenye chumba cha mapumziko. Mmoja anasema ubaguzi ni ubaguzi, mwanamke na mtu mweusi safari yao ni moja. Mwingine, mara nyingi mwanamke mweusi aliyezaliwa hapa, ananuna na kurudi zamuni kabla chai haijapoa.

Kununa kule kuna historia ndefu, na mkondo wake mmoja unapita hadi kwetu Mbulu na Hanang, Tanzania. Nikiiangalia historia hiyo, naona mlinganisho huu wa mwanamke na mtu mweusi umewafaa sana wanawake mahakamani. Ukiupeleka nyumbani, unapotosha.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1840 ulifanyika London mkutano wa dunia wa kupinga utumwa. Wajumbe wanawake waliovuka bahari kutoka Marekani wakakataliwa viti. Wakawekwa pembeni wasikilize tu wanaume wakizungumzia uhuru. Kati ya waliokuwapo ni Lucretia Mott na Elizabeth Cady Stanton. Miaka minane baadaye wakaitisha mkutano wao Seneca Falls, New York, na Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa utumwani, akasimama kuwaunga mkono wanawake wapewe kura. Hapo urafiki ulikuwa mtamu.

Uliharibika baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1870, yaliwapa wanaume weusi kura, wanawake wakaachwa nje. Stanton na mwenzake Susan B. Anthony wakayapinga, na Stanton akatumia maneno ya kuwadharau wanaume weusi ambayo hadi leo wanaomheshimu huyasoma kwa aibu. Wanawake wakasubiri hadi 1920. Wanawake weusi wa majimbo ya kusini wengi wao wakasubiri hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Sasa fikiria ni nani anayekasirika akiambiwa kwamba mapambano yale yalikuwa kitu kimoja. Kuna walioahirishwa mara mbili.

Aliyeutumia mlinganisho huu kwa akili kuliko wote ni mwanasheria mweusi Pauli Murray. Mwaka 1940 alikamatwa Virginia kwa kukataa kukaa kwenye viti vibovu vya nyuma ya basi. Baadaye akasoma sheria Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi, akawa mwanamke pekee darasani, akadharauliwa na walewale waliokuwa wakipigania usawa wa rangi. Mwaka 1965, akiwa na Mary Eastwood, aliandika makala ya kisheria iliyosema kwamba hoja zilizovunja sheria za ubaguzi wa rangi zinaweza kuvunja pia sheria zinazowabagua wanawake. Mwaka 1971 mwanasheria Ruth Bader Ginsburg aliitumia hoja hiyo mbele ya Mahakama ya Juu, na jina la Murray akaliweka kwenye hati ya utetezi kama deni la heshima. Kesi yenyewe ilikuwa ya mirathi. Kijana alikuwa amefariki Idaho, wazazi wake wametengana, na sheria ya jimbo ilisema wakigombea usimamizi wa mali ya marehemu, mwanamume atangulizwe. Mama alishinda.

Mirathi. Mtu wa Mbulu akisikia neno hilo anavuta kiti.

Nilishuhudia shamba la babu kule kwetu Endagikot, Mbulu, likigawanywa. Baba wakubwa na baba wadogo walipima kwa hatua, mmoja akihesabu kwa sauti, mwingine akichapa panga kwenye shina la mti kuweka alama. Shangazi, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika na kulilima shamba hilohilo miaka kadhaa, ndiye aliyewapikia makande. Alipouliziwa fungu lake, wazee walijibu kwa upole kabisa: atakula kwa kaka zake. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Mimi, niliyekuwa bado mtoto wa shule, nilihesabiwa kuwa na sehemu kwa mgongo wa baba yangu, na nimeondoka nchini bila kulilima hata tuta moja la vitunguu saumu.

Ubaguzi wa rangi nao Tanganyika tuliujua kwa sura yake. Mashamba ya walowezi yalikuwa Oldeani, enzi hizo ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Mishahara, shule na hospitali vilitengwa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika. Uchaguzi wa 1958 ulimlazimisha mpiga kura kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, na kabla ya hapo athibitishe kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Ukitazama masharti hayo utaona wanawake wa vijijini walivyofungiwa nje bila sheria kuwataja hata kwa neno moja.

Wengi hawajui kwamba Nyerere mwenyewe aliuanza ulinganisho huu kabla ya siasa. Akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940 alisoma kitabu cha John Stuart Mill cha 1869 kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, kitabu kinachomfananisha mke wa Uingereza na mtumwa, akaandika insha inayoipima hoja hiyo kwa jamii za kwetu. Na mwaka 1967, katika andiko lake la ujamaa vijijini, alipokuwa akiisifu familia ya jadi ya Kiafrika, alisita na kukiri kwamba ilikuwa na kasoro: wanawake walihesabiwa chini na walifanya kazi kupita sehemu yao. Mtu aliyetishia kujiuzulu Oktoba 1961 ili uraia usije ukatolewa kwa misingi ya rangi alijua vizuri alichokuwa anasema.

Sheria, hata hivyo, ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mbichi, serikali ilichapisha tamko la sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kazi ya kuzikusanya ilikuwa imeanzwa na Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni, na njia yake ilikuwa kuwauliza machifu na wazee. Wazee wanaume, bila shaka. Kikatoka kitabu chenye madaraja matatu ya warithi, mabinti wakiwa la tatu. Ardhi ya ukoo mwanamke aliweza kuitumia lakini si kuiuza. Mjane hakuwa na fungu lake. Watoto wake ndio fungu lake. Kilichokuwa mazungumzo ya barazani, yenye nafasi ya kubembeleza na kubadili, kikawa kifungu chenye namba.

Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984. Ibara ya 13 ikakataza ubaguzi na kutaja misingi yake: rangi, kabila, dini, mahali mtu alikotoka. Jinsia haikuwamo. Iliongezwa mwaka 2000. Yaani kwa miaka 16 Katiba ya nchi yetu ilikuwa imekataa kwa maandishi kumbagua mtu kwa rangi yake, na kuhusu mwanamke ikanyamaza. Ndiyo maana ninamvulia kofia Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 aliletewa kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza kwa shilingi 300,000 shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji aliegemea ibara hiyo ya usawa pamoja na mikataba ya kimataifa, akasema mauzo ni halali na mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Alifanya alichokifanya Murray: akachukua silaha iliyofuliwa kwa ajili ya rangi akaielekeza kwenye jinsia.

Baada ya hapo ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi, na inayotaka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu wao wanawake. Lakini tamko la 1963 halikufutwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zake za mirathi zinabagua, ikaogopa kuzifuta. Wajane wawili wa Shinyanga walioleta shauri hilo walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja mkataba.

Kufikia hapa mtu anaweza kuhitimisha kwamba mila ndiyo adui. Hanang itamkatalia. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wabarabaig, wafugaji wa huko, miaka ya 1950, aliandika mwaka 1964 kuhusu baraza la wanawake ambalo wanaume hawana sauti ndani yake. Mwanamume aliyevuka mipaka katika mambo yanayogusa heshima na uzazi wa mwanamke alishtakiwa humo, akatozwa ng'ombe. Akigoma alilaaniwa, na laana ya wanawake haichezewi. Bibi harusi naye alipewa mifugo na kwao, na mume hakuweza kuitoa atakavyo. Mamlaka hayo mkoloni hakuyaweka kwenye sheria, kwa hiyo hayakurithiwa na mahakama.

Na Hanang hiyohiyo inaonyesha kwamba dhuluma ya kikoloni haikuondoka na mkoloni. Mashamba saba ya ngano ya shirika la serikali, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalikula malisho ya Wabarabaig hadi takribani ekari 100,000. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki mwaka 1981 na kushinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliwageuzia kibao, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923. Majaji wa nchi huru walimdai mfugaji mweusi athibitishe daraja alilopewa na Mwingereza. Malisho yakipotea, na ng'ombe wa mke wanapotea.

Sasa tuupeleke mlinganisho nyumbani. Mlowezi wa Oldeani hakuwa baba yako, hukumpikia kwa mapenzi, hukumzalia. Ungeweza kuota siku atakayofunga virago. Mwanamke wa Endagikot hamwoti kaka yake akiondoka. Anamwombea arudi salama kutoka mnadani. Anayemnyima shamba ndiye atakayemlipia hospitali. Isitoshe, kuna maumivu ambayo mkono unaoyatoa ni wa mwanamke: ukeketaji, ambao takwimu za kitaifa ziliukuta Manyara kwa asilimia 58 ya wanawake mwaka 2015–16 na asilimia 43 mwaka 2022, hufanywa na ngariba, mara nyingi bibi akiwa amesimama pembeni akiamini anamtengenezea mjukuu heshima. Katika ubaguzi wa rangi sijui kinacholingana na bibi huyo. Mikutano ya hadhara na maandamano ya King vilijengwa kwa adui anayeonekana ng'ambo ya barabara.

Wanaume wa kwetu walio huku tunajua sana kueleza tunavyotazamwa dukani na tunavyorukwa kwenye kupandishwa cheo. Kwenye kundi letu la WhatsApp hoja hizo hazikosi. Juzi tulikuwa tunachanga fedha za kushughulikia hatimiliki za kimila za mashamba ya familia, na fomu ina nafasi ya zaidi ya jina moja. Nikauliza kwa nini tusimwandike na dada anayelilima. Jibu lilikuja haraka, na vikaragosi vya kucheka: ataolewa. Dada anayezungumzwa ana wajukuu.