Usukani wa Kaboni wa Bei Rahisi

Jumamosi moja mama wa mtaani kwetu alitujia na usukani wa baskeli aliouvingirisha ndani ya leso. Mwanawe aliununua kwa njia ya simu, kwa bei ndogo mno. Ulikuwa mweusi, mwepesi, wa kung'aa, tena una jina la kampuni kubwa. Kijana alikwisha kuufunga mara moja. Mama alitaka kujua: amwachie aupande?

Tulimpeleka kwa fundi.

Kaboni hii ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, hupangwa tabaka juu ya tabaka, zikashikanishwa kwa gundi maalumu na kupikwa kwa joto na mgandamizo. Ikitengenezwa kwa uangalifu huwa imara ajabu. Hata ndege huundwa kwayo. Lakini ubora wake umefichika ndani. Tabaka likikunjamana, au kiputo cha hewa kikisalia katika gundi, rangi ya juu huisitiri aibu hiyo. Mwigaji hupunguza tabaka, hapimi kitu, kisha hubandika jina la mwenziwe.

Chuma kina insafu. Kikielemewa, aghalabu hupinda kwanza, na mpandaji huonyeka. Kaboni mbovu hukatika ghafla, na usukani ukikatika mteremkoni, mikono haina tena cha kushika.

Hatusemi kwamba kila kaboni ya bei nafuu ni mbovu. Wapo watengenezaji wasio na majina makubwa wanaofuata kanuni ya kimataifa ya ISO 4210, ambayo kwayo mashine huusukuma na kuuvuta usukani wa majaribio mara 100,000. Nembo ya kughushi haikupita huko.

Fundi aliugonga usukani kwa sarafu, akitega sikio. Sauti ilikuwa kavu, kisha karibu na katikati ikafifia. Hilo peke yake si hukumu, alisema. Akausogeza juani, akatuonyesha ufa mwembamba pale unapobanwa. Kijana aliukaza kwa spana ya kawaida, kwa nguvu zake zote, ilhali nati nyingi za hapo hukazwa kwa niutoni-mita 5 hivi, kwa spana yenye kipimo.

Mama alinunua usukani wa alumini palepale. Ule mweusi alimwomba fundi aukate vipande viwili kwa msumeno, asije mtoto wa jirani akauokota jaani.