Siku ya Kwanza Shambani Ndiyo ya Kuogopa

Ukimshauri mzee wa Mang'ula, katika bonde la Kilombero, afanye mazoezi, jiandae kuchekwa. “Mwanangu, mimi na jembe tangu sijaoa, mazoezi gani tena?” Hoja yake ina uzito. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayopandisha mapigo ya moyo kiasi, na halijali kama umezipata uwanjani au jarubani. Anayepalilia mpunga asubuhi tatu kwa wiki ameshazimaliza.

Tatizo liko kwenye kalenda. Kazi za bonde hili zinakuja kwa mkupuo: kulima na kupandikiza, kisha kuvuna. Katikati ya hapo mzee anashinda barazani, au kwenye dungu akiamia ndege. Msuli wa mtu wa miaka 70 hunyauka upesi usipotumika na hurudi taratibu kuliko wa kijana. Basi anayeingia shambani mvua zinapoanza, baada ya miezi ya kukaa, halafu akataka kumaliza kipande kilekile alichokuwa akikilima akiwa na miaka 40, ndiye anayeamka kesho yake kiuno kimekaza na goti limejaa. Ningeambiwa nichague siku moja ya kuwalinda wazee wetu mwaka mzima, ningechagua hiyo.

Dawa yake ni kuanza kabla ya msimu. Wiki tatu hivi kabla ya kushika jembe, tembea kila asubuhi kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Ukishindwa hata kuongea, umezidisha. Siku ya kwanza shambani, saa moja inatosha, kisha ongeza kidogo kidogo. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya kazi ni kawaida na huisha yenyewe. Maumivu makali ndani ya kiungo, au goti kuvimba, ni habari nyingine, na kujikaza kiume hapo hakusaidii.

Wapo pia wasiolima kabisa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya 1970 na 1975, leo amefika 70 au ameivuka. Mstaafu wa reli, wa kiwanda cha sukari au wa ualimu anaweza kukaa kutwa nzima asijue miguu inamwishia.

Kuna kitu ambacho jembe halimpi hata mkulima: uwezo wa kusimama imara. Mwongozo uleule unataka wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutopepesuka angalau siku tatu kwa wiki, kwa sababu kuanguka ndiko kunakovunja nyonga. Tazama ngazi ya dungu. Kupanda si kazi sana, kwa kuwa macho yanaona mti wa mbele. Wakati wa kushuka, mguu mmoja unatafuta mti usiouona huku mwingine ukibeba mwili wote goti likiwa limekunjwa, na mara nyingi mti wenyewe umelowa umande. Paja lisilo na nguvu huachia hapo.

Paja hilo linatengenezwa kwa kiti. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani, kaa, miguu upana wa mabega, kunja mikono kifuani. Inuka hadi usimame wima, kisha rudi kukaa polepole bila kujibwaga. Huko kushuka ndiko kunakofanya kazi kubwa. Toa pumzi unapoinuka. Ukiibana, presha hupanda ghafla. Usipoweza bila mikono, jisukume kwa mikono mpaka siku utakapoweza. Kuinuka mara tano kukikuchukua zaidi ya sekunde 15, miguu imepungua nguvu, na una sababu ya kulifanya zoezi hili kila baada ya siku moja. Kisha simama kando ya meza, mkono karibu na meza, uinue mguu mmoja kwa sekunde 10. Ukipepesuka, shika.

Kabla ya yote hayo, pima presha. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta karibu watu saba kati ya kila 10 wenye miaka 70 na zaidi wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi. Zile zinazoongeza mkojo hupunguza maji mwilini, na baadhi ya nyingine hukuletea kizunguzungu ukiinuka ghafla. Mwenye kisukari anayechoma insulini asitoke na njaa, na awe na sukari au pipi mfukoni. Avae viatu na akague miguu yake jioni, maana ganzi huficha kidonda.

Halafu joto. Hewa ya bondeni ina unyevu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mzee pia huchelewa kusikia kiu. Kunywa maji kabla ya kutoka, maliza kazi nzito kabla ya saa 4 asubuhi. Kifua kikibana, maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, jasho jembamba likikutoka, au upande mmoja wa mwili ukilegea, acha kila kitu upelekwe hospitali saa hiyohiyo. Usilale kwanza kusubiri ipite.

Mahali pa kutembea napo pachaguliwe. Kando ya reli si mahali pake, ingawa wengi hupita huko: kokoto huzunguka chini ya unyayo, na sikio lililochoka husikia treni ikiwa imeshafika. Baiskeli, ambayo ni ya kawaida Ifakara, ni zoezi zuri kwa mwenye goti bovu kwa sababu kiti kinabeba uzito. Ila wazee wengi huangukia kwenye kupanda na kushuka, mguu ukikwama kwenye mtaimbo wa juu. Tafuta ile isiyo na mtaimbo, hata kama vijana wataiita ya akina mama, na ushushe kiti mpaka nyayo zote mbili zifike chini.