Kwenye Dunia Pepe, Kiwanja Hakilipi

Novemba 2021, wiki chache baada ya Facebook kubadili jina la kampuni na kuwa Meta, kampuni moja ya Canada ilinunua vipande 116 vya ardhi katika mtaa wa mitindo ndani ya Decentraland, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban dola milioni 2.4 za Marekani. Ardhi hiyo haikanyagiki. Ni eneo lililochorwa kwa kompyuta, na mtu hulitembelea kwa kupitia avata, yaani umbo linalomwakilisha mtandaoni. Mwaka uliofuata makadirio makubwa yalimiminika: washauri wa McKinsey walisema uchumi wa dunia pepe ungeweza kufikia dola trilioni 5 ifikapo 2030, na benki ya Citi ikataja hadi trilioni 13. Kisha bei za viwanja zikaporomoka. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia miwani na dunia pepe kikapata hasara ya uendeshaji inayozidi dola bilioni 57 kati ya 2021 na 2024, na wengi wakahitimisha kwamba habari hiyo imekwisha. Lakini katika miaka hiyohiyo Roblox, dunia pepe iliyofunguliwa mwaka 2006 na ambayo haihitaji miwani yoyote, ilipanda kutoka wastani wa watumiaji milioni 32.6 kwa siku mwaka 2020 hadi karibu milioni 83 mwaka 2024, na katikati ya 2025 ikavuka milioni 100. Kwa hiyo waliotabiri ukuaji hawakukosea sana. Walikosea mahali pa kuutafuta. Walidhani watu wakiongezeka ardhi itapanda bei, kumbe katika dunia hizi ardhi ndiyo kitu cha mwisho kupanda.

Sababu iko ndani ya mashine yenyewe. Dunia pepe ni hifadhidata kubwa inayotunzwa kwenye seva: kila nyumba, shati na upanga ni maelezo machache yaliyoandikwa humo, na kila avata inapopiga hatua, seva hupokea taarifa, hubadilisha maelezo hayo, kisha huwatumia wote walio karibu. Kunakili nyumba moja zikawa elfu hakuhitaji saruji wala mafundi. Uhaba wa viwanja, basi, ni kanuni iliyoandikwa na watu, na kanuni huweza kubadilishwa, au mshindani akafungua dunia nyingine kando yake. Wala mahali hapana uzito uleule. Duka la Kariakoo lina kodi kubwa kwa sababu miguu inayopita pale haiwezi kupita kwingine wakati huohuo. Ndani ya Decentraland mtu huandika namba za eneo analolitaka na kutokea hapo papo hapo, bila kupita mbele ya mlango wa mtu yeyote. Kilicho haba kweli ni vitu viwili: uwezo wa kompyuta na saa za binadamu. EVE Online, mchezo wa vyombo vya angani ulioanza mwaka 2003, unaonyesha cha kwanza waziwazi. Wachezaji maelfu wanapokutana vitani sehemu moja, seva huzidiwa, na tangu 2011 mfumo hupunguza mwendo wa muda wenyewe, hadi sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kawaida, ili hesabu zikamilike. Katika pigano la Januari 2014 lililowahusisha wachezaji zaidi ya 7,500, risasi ziliruka polepole kwa saa nyingi. Wangeweza kuongezewa anga kiasi chochote. Kilichokosekana ni kompyuta ya kuwahudumia wote wakiwa pamoja.

Upande wa fedha ulijulikana mapema zaidi, na inasikitisha jinsi somo lake lilivyosahauliwa. Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ilianza kujaribu Habitat, dunia pepe ya picha iliyotumia kompyuta ya Commodore 64 na laini ya simu. Kila avata ilizaliwa na tokeni 2,000 na kupewa nyingine 100 kwa kila siku mwenyewe alipoingia. Bidhaa ziliuzwa na mashine zilizosambazwa mjini, na bei zilitofautiana kidogo ili kuleta ladha ya soko. Wachezaji wachache wakagundua kwamba mashine moja inauza mwanasesere kwa tokeni 75 na nyingine, upande wa pili wa mji, inamnunua kwa 100. Kwingine mpira wa kioo uliuzwa kwa 18,000 huku mashine nyingine ikiununua kwa 30,000. Walibeba wanasesere huku na huko mpaka wakapata mtaji wa kununua mipira ya kioo, kisha wakabeba mipira usiku kucha. Kulipokucha, fedha zote za Habitat zilikuwa zimeongezeka mara tano. Chip Morningstar na Randy Farmer, waliounda dunia hiyo, waliandika kisa hicho miaka michache baadaye, na tangu hapo wabunifu wa michezo huzungumzia mabomba na mifereji: bomba ni kila njia inayoingiza fedha mpya katika dunia, mfereji ni kila njia inayoziondoa. Bomba likizidi mfereji, thamani ya sarafu hushuka, hata mchezo uwe mzuri namna gani.

Ni kanuni hiyo iliyowaangusha wachezaji wa Axie Infinity. Mchezo huo wa kampuni ya Vietnam uliahidi kipato, na wakati wa korona ulienea sana Ufilipino, ambako watu waliokosa ajira walicheza kutwa kujikusanyia sarafu iitwayo SLP. Kuanza kulihitaji wanyama watatu wa kidijitali, walioweza kugharimu mamia ya dola, hivyo wengi walicheza kwa wanyama wa kuazima na kugawana mapato na mwenye mali. Katikati ya 2021 SLP moja ilizidi senti 30 za Marekani. Mwaka mmoja baadaye haikufika hata senti moja. Bomba lilikuwa wazi kwa kila mchezaji, ilhali mfereji mkuu ulikuwa kuzalisha wanyama wapya, na wanyama wapya walipata wanunuzi pale tu wachezaji wapya walipoendelea kujiunga. Wizi wa Machi 2022 wa zaidi ya dola milioni 600, ambao FBI ililihusisha nao kundi la wadukuzi wa Korea Kaskazini, ulikuja juu ya mgonjwa aliyekwisha kuanguka. Mtu anayeombwa leo alipe kwanza ili aje alipwe kwa kucheza aulize fedha hizo zinatokea mfukoni mwa nani. Akikosa jibu, mfuko huo ni wake.

Je, hii ina maana kwamba hakuna anayeweza kuishi kwa kazi ya dunia pepe? Ushahidi unasema kinyume. Mwaka 2001 mchumi Edward Castronova alichunguza mnada wa bidhaa za EverQuest, ambako wachezaji waliuziana kwa dola halisi vitu walivyovipata mchezoni, na akakadiria kwamba saa moja ya kucheza ilizalisha mali ya takriban dola 3.42. Watu wenye fedha na wasio na muda walikuwa wakinunua muda wa watu wengine. Muongo mmoja baadaye utafiti uliochapishwa na Benki ya Dunia ulikadiria kuwa huduma za namna hiyo zilizalisha karibu dola bilioni 3 mwaka 2009, nyingi zikifanywa na vijana wa nchi zinazoendelea, China ikiongoza. Waandishi wake waliweka kando ya takwimu hiyo soko la kahawa: kati ya dola bilioni 70 za kahawa duniani, ni bilioni 5.5 hivi zilizobaki katika nchi zinazoilima. Mkulima wa Kilimanjaro au Bugisu hahitaji kufafanuliwa maana yake. Katika biashara ile ya michezo, sehemu kubwa zaidi ya fungu ilimfikia mtu aliyeifanya kazi, kwa kuwa kati yake na mnunuzi palikuwa na watu wachache.

Atakayenipinga atamtaja Anshe Chung, na ana haki. Mwanamke huyo, ambaye jina lake ni Ailin Graef, alitokea kwenye jalada la BusinessWeek mwaka 2006 na mwaka huohuo akatangazwa kuwa milionea wa kwanza wa dunia pepe, na utajiri wake ulitokana na ardhi ya Second Life. Lakini tazama ardhi yenyewe ilikuwa nini. Eneo moja la Second Life, mita 256 kwa 256, lilipewa sehemu yake ya seva, na tangu mwishoni mwa 2006 kampuni mwenyeji, Linden Lab, ilitoza dola 295 kila mwezi kwa eneo jipya la binafsi. Graef alichukua uwezo huo wa kompyuta kwa jumla, akaugawa vipande vidogo, akavipamba, akaweka masharti ya ujirani mwema, akakusanya kodi na kusuluhisha ugomvi wa wapangaji. Wateja walimlipa kwa huduma. Aliyenunua kiwanja na kukaa akingoja bei yake ipande hakufanya lolote kati ya hayo.

Sasa tuangalie mlango wa kutokea, kwa sababu hapo ndipo biashara ya leo inapoamuliwa. Mchezaji wa Roblox anayenunua kwa simu hulipa dola 4.99 apate Robux 400, yaani sarafu ya humo. Tuseme anazitumia zote kwenye mchezo uliotengenezwa na kijana mmoja. Kijana huandikiwa asilimia 70, yaani Robux 280. Lakini anapotaka kuzigeuza fedha, kampuni humlipa kwa kiwango chake yenyewe, ambacho tangu Septemba 2025 ni dola 0.0038 kwa Robux, na anapata dola 1.06 hivi. Sharti jingine: lazima awe amechuma angalau Robux 30,000, sawa na dola 114, ndipo mlango ufunguliwe. Tangazo la asilimia 70 ni la kweli, na bado mkononi inafika sehemu kama moja ya tano, kwa kuwa bei ya kuingia na bei ya kutoka hupangwa na mtu mmoja. Haki itendeke pia kwa kampuni: maduka ya programu ya simu hukata hadi asilimia 30, seva na usalama vina gharama kubwa, na mwaka 2024 Roblox ilipata hasara ya takriban dola milioni 935 huku ikiwalipa watengenezaji karibu milioni 923. Hata hivyo anayepanga kuishi kwa kazi hii aanze hesabu zake na ile dola 1.06, siyo na 4.99.

Kwa Afrika Mashariki kuna pingamizi la umbali. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 8,000 mbali, kwenda na kurudi humaliza milisekunde 80 kabla kifaa chochote njiani hakijachukua zake. Mikongo ya baharini iliyofika pwani yetu tangu 2009 imesaidia mno, lakini Mei 2024 mikongo miwili ilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ilizorota kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, na Tanzania ikaumia zaidi. Ucheleweshaji huo humkera mchezaji wa vita. Mtengenezaji haumgusi sana: nyumba huchorwa na msimbo huandikwa kwenye kompyuta ya mezani, kwa programu za bure kama Blender na Roblox Studio, kisha kazi hutumwa mara moja. Na kazi hiyo si ya michezo pekee. Shirika la UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi, lilishirikiana na watengenezaji wa mchezo wa Minecraft kuanzia mwaka 2012, na mojawapo ya majaribio ya mwanzo lilikuwa Kibera, ambako wakazi walikaa kwenye kompyuta na kuupanga upya uwanja wa Silanga kwa matofali ya mchezo huo. Mtu asiyeweza kusoma mchoro wa msanifu aliweza kuonyesha anapotaka taa na anapotaka njia. Mipango miji, mafunzo ya ufundi, maonyesho ya majengo ambayo hayajajengwa: hizi ni kandarasi zinazolipwa kwa fedha halisi, zisizopita kwenye kiwango cha kubadilishia cha mtu mwingine, na kwa maoni yangu kijana mwenye ujuzi azitafute kwanza.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama wa watoto. Takriban wawili kati ya watano wa watumiaji wa Roblox mwaka 2024 walikuwa chini ya miaka 13. Uturuki iliifungia Agosti 2024, jimbo la Louisiana likaishtaki mwaka uliofuata, na Novemba 2025 kampuni ikatangaza kwamba atakayetaka kupiga soga atapimwa umri kwanza. Biashara inayotegemea wateja wa umri huo haiwezi kujitetea kwa takwimu za ukuaji. Naamini sheria kali zitapunguza mapato ya baadhi ya watengenezaji, na ni halali yapungue. Anayejenga leo kwa kutegemea mtoto abonyeze kitufe cha kununua bila kuelewa anajenga juu ya kitu ambacho serikali zimekwisha kuanza kukiondoa.

Linabaki suala la umiliki. Mwaka 2006 wakili mmoja wa Pennsylvania aliishtaki Linden Lab baada ya akaunti yake kufungwa na ardhi yake ya Second Life kupotea pamoja nayo. Kampuni ilidai alitumia ujanja kupata ardhi kwa bei ya chini. Yeye alidai ni mali aliyoinunua. Mei 2007 mahakama ilikataa kumlazimisha apeleke shauri kwa msuluhishi kama mkataba ulivyotaka, ikisema sharti hilo lilimwelemea mtumiaji kupita kiasi. Miezi michache baadaye pande mbili zikapatana nje ya mahakama, na hakimu hakupata nafasi ya kuamua ardhi ile ilikuwa ya nani.